Bonge Kwenye Mkono wa Kiti

Mama Uzi hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa kazini, kwenye masjala ya idara ya maji, na wenzake waliochoka kumkuta kila saa ya chakula ameinamia sindano yake ya krosheti huku chakula kikipoa pembeni. Jina lilimkaa vizuri mpaka mkuu wa idara akawa analitumia bila kujua kwamba ni la utani. "Faili hilo muulizeni Mama Uzi," alisema mbele ya wageni, na wageni nao wakamsalimia kwa jina hilo hilo, kwa heshima zote.

Na alilistahili. Wapo wanaopenda dhahabu, wapo wanaopenda viatu. Yeye uzi wa kufumia ndio uliomtia wazimu. Akipita dukani akaona bonge la rangi asiyokuwa nayo, miguu ilisimama yenyewe. Akiona la rangi aliyokuwa nayo, ilisimama vile vile, maana huwezi kujua, linaweza kupungua katikati ya kazi, na ukirudi dukani unaambiwa rangi ile imekwisha na iliyokuja imepauka kidogo. Hapo utafanya nini? Kwa hiyo alinunua akiba, halafu akanunua akiba ya akiba.

Mabonge hayo yote yaliishi kwenye chumba kidogo mwisho wa korido. Kilikuwa chumba cha binti yao. Binti aliolewa siku ya Jumamosi, na Jumatatu mifuko miwili ya uzi ikawa imekaa kitandani kwake. Baadaye ikaja mingine, kisha makopo ya sindano, vifungo vya mbao, vitabu vya mitindo vyenye kurasa zilizokunjwa masikio, na kazi zilizoanzwa. Hizo ndizo zilizokuwa nyingi! Soksi moja bila ya pili. Kofia isiyo na kilele. Sweta ya mume yenye mkono mmoja, ambayo mwenyewe aliahidiwa kuivaa baridi ijayo, na baridi nne zilikuwa zimeshapita.

"Mimi nasubiri tu," mume alisema. Alikuwa fundi wa friji, mtu wa utani mkavu. "Siku nikikatika mkono, hiyo sweta itanitosha."

Mama Uzi alicheka, lakini moyoni ilimuuma kidogo, kwa kuwa ni kweli alikuwa hodari wa kuanza. Kumaliza kulimchosha. Raha yake ilikuwa kuingia chumba kile Jumapili mchana, kufungua mfuko mmoja, kuyapanga mabonge kutoka rangi iliyoiva mpaka iliyofifia, kuyashika, kuwaza yatakuwa nini. Bonge ambalo halijafumwa bado halijakosewa.

Kisha mama yake akapata kiharusi.

Aliletwa kwa gari la hospitali, mguu ukiburuzika, mkono wa kushoto umelala mapajani kana kwamba si wake. Na mkono huo ndio uliokuwa mkono wake hasa, kwa sababu mama alikuwa mashoto tangu utotoni. Kwa mkono huo alikuwa amefuma mashali na vitambaa vya meza vya mtaa mzima, na kwa mkono huo alimfundisha binti yake. Walikuwa wakikaa uso kwa uso, magoti yakigusana. Mama anafuma kwa kushoto, mtoto anaiga kwa kulia kama anayejitazama kwenye kioo. Mama hakuwa mtu wa kugomba. Mtoto akikosea, hakuambiwa kitu. Asubuhi aliamka akakuta kazi yake imefumuliwa yote, uzi umeviringishwa bonge safi, bonge limewekwa kwenye mkono wa kiti. Unalichukua, unaanza upya. Siku ukiamka ukakuta kazi ipo kama ulivyoiacha, basi umefaulu.

Sasa mwalimu huyo alilazwa kwenye kochi sebuleni, kwa sababu chumba kilijaa uzi.

"Mabonge yana chumba," mume alisema, na safari hii hakutania, "mama mkwe wangu ana kochi."

Mbaya zaidi akaja kaka mtu. Kaka alikuwa mwalimu mkuu, na hata nyumbani kwa watu alisema kama anayehutubia wanafunzi mstarini. Alimkuta mama yake anabadilishwa nguo nyuma ya pazia lililotundikwa kwenye misumari miwili. Akaenda mwisho wa korido, akafungua mlango, akatazama. Akafunga.

"Mdogo wangu," alisema, "Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao narudi. Nikimkuta mama bado analala sebuleni, naondoka naye. Sitaki maneno."

Kwa kaka ilikuwa safari ya nusu siku, na yeye na mkewe walikuwa wakitoka kazini alfajiri na kurudi jioni. Mama angekaa kule peke yake na redio. Mama Uzi alimtazama mama yake aone atasema nini. Mama alitazama dirisha.

Mtu mwenye akili zake timamu angebeba mifuko ile siku hiyo hiyo akaitoa. Mume alisema, "Nipe mchana mmoja tu na mkokoteni." Lakini mkewe alihisi kama ameambiwa atupe watoto. Badala yake akaja na mpango ambao yeye aliuona wa busara kuliko yote: ule uzi hautatupwa, utatumika. Angefuma blanketi la kitanda cha mama, vipande vya mraba mia na ishirini, kila kipande mizunguko mitano kutoka kiduara cha katikati, kisha aviunganishe. Mifuko ingepungua, chumba kingefunguka, mama angeingia kwa heshima na blanketi lake, na kaka angekosa la kusema. Alikuwa na wiki tano.

"Wiki tano," mume alirudia. "Wewe."

"Subiri uone."

Akaanza kwa kishindo. Alifuma saa ya chakula kazini, akafuma akisubiri chai ichemke, akafuma mbele ya televisheni. Na kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, alipenda zaidi kuanza viduara vya katikati. Jioni moja angeanza sita vya rangi sita, akavifikisha mzunguko wa pili au wa tatu, akavitupa ndani ya kikapu kando ya kiti cha mama, akijiambia kesho atavimaliza. Kesho yake hakukumbuka kipi amemaliza na kipi hajamaliza. Alichota tu kikapuni.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kila jioni, akivitoa vipande ili avipange, alikuta vibovu. Katikati safi kabisa, mkono wake mwenyewe usio na shaka. Halafu ukifika mzunguko wa nne, vurugu. Vitanzi vimelegea, vingine vimekazwa mpaka sindano haipiti. Kona zina vitanzi vinne mahali pa vitatu, kipande kinavimba katikati na kukataa kulala mezani.

"Nilikuwa nafikiria nini?" alijiuliza kwa sauti. Akakifumua. Akaviringisha uzi bonge, akaliweka kwenye mkono wa kiti cha mama, ambako mkono wake ulifika kwa urahisi, akachukua kingine. Nacho kibovu. Akafumua. Jioni ya kwanza alifumua vitano.

Akafikiri ni macho. Akaenda kwa mpima macho, akasoma herufi zote mpaka zile ndogo za chini, mpima macho akamwambia, "Mama, macho yako yanatosha hata kwa jirani." Akafikiri ni sindano, akanunua nyingine yenye mpini laini, na kwa kuwa alikuwa dukani tayari, akanunua na mabonge mawili ya kijani. Akafikiri ni uchovu. Alimweleza mwenzake wa masjala, na mwenzake akasema labda ni umri. Hakumsemesha tena siku mbili.

Wiki ya pili alikuwa na vipande thelathini. Wiki ya tatu alipaswa kuwa na sabini na alikuwa na arobaini na moja. Hasira zikawa zinamkaa karibu, zinasubiri sababu ndogo. Mume naye alikuja analalamika kwamba mashati yake yanaanguka kwenye kamba ya nguo kwa sababu vibanio vinapotea kimoja kimoja. "Mnavila?" aliuliza.

"Nunua vingine, usinisumbue!"

Hata mama alimkasirisha, ingawa aliona aibu kulikiri. Mtaalamu wa mazoezi kutoka hospitali alikuwa amemletea mpira mdogo wa kuminya ili mkono uamke, na mama aliusukuma pembeni. "Mimi si mtoto wa kuchezea mpira," alisema, maneno yakitoka polepole. Kutwa alibaki peke yake. Jirani, mama mmoja mshonaji, alipita saa sita kumpa chakula. Jioni alikaa tu kwenye kiti chake na kumtazama binti yake akifumua. Kila jioni. Hakuondoa macho mpaka bonge la mwisho liwekwe kwenye mkono wa kiti.

Siku moja, ilikuwa Jumanne ya wiki ya tano, alikuta kipande cha zambarau, rangi aliyoipenda kuliko zote, kimeharibiwa kona zote nne. Damu ikampanda. Akakiinua juu.

"Aliyefuma hiki," alisema kwa nguvu, "apigwe marufuku kushika sindano maisha yake yote! Hata kipofu hafumi hivi!"

Alikuwa anajitukana mwenyewe. Mume alicheka kule jikoni. Mama aliinamisha kichwa, akatazama mikono yake.

Siku mbili baadaye, Alhamisi, Mama Uzi alifika kazini akagundua ufunguo wa kabati la mafaili ameusahau nyumbani. Watu watatu walikuwa wamepanga foleni dirishani na mkuu wa idara alikuwa amesimama nyuma yao akiangalia saa. Akarudi mbio, anajilaani njia nzima. Saa nne na nusu alifungua mlango wa nyumba yake taratibu, akidhani mama amelala.

Mama hakuwa amelala. Alikuwa ameketi ameinama mbele. Kipande cha bluu kilibanwa kwenye mkono wa kiti kwa vibanio viwili vya nguo. Mkono wa kushoto ulikuwa juu yake, vidole vitatu vimeukandamiza uzi, vinatetemeka lakini vimeushika. Mkono wa kulia, ambao kwa miaka sabini na kitu haukuwahi kufanya kazi yoyote ya maana, ulikuwa umeikamata sindano kwa ngumi nzima. Mama alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini. "Moja. Mbili. Ta... tatu. Geuka." Ncha ilikosa kitanzi. Akairudisha. Ikakosa tena. Akairudisha.

Mama Uzi alisimama mlangoni na ufunguo wa ofisi ukamtoka kabisa kichwani. Hakuwahi hata kumshuku. Angemshuku vipi? Mama alifuma kwa kushoto, na kazi ya mashoto inazunguka upande mwingine, angeitambua hata gizani. Vipande vile vyote vilizunguka upande wake yeye.

"Mama," alisema.

Mama alishtuka, akafunika kazi kwa kiganja. Halafu, alipoona hakuna namna ya kuificha, akakiondoa kiganja.

"Umerudi mapema," alisema. "Bado sijamaliza."

"Ni wewe? Siku zote hizi ni wewe?"

"Nani mwingine? Unaviacha nusu. Tabia yako hiyo tangu mdogo." Akapumua, akapumzisha ulimi. "Nikasema nikusaidie. Kaka yako anakuja."

"Mbona hukuniambia, mama?"

Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi.

"Nikuambie nini? Ulikuwa unajua. Ulikuwa unafumua, unaniwekea bonge hapa." Aligonga mkono wa kiti. "Nikasema, aa, ni zamu yangu. Ananifundisha kama nilivyomfundisha. Wiki ya kwanza ulifumua vyote. Wiki iliyopita, siku moja, ukaacha kimoja. Cha njano. Nilikaa nacho moyoni usiku kucha. Nikasema, mkono unaamka."

Mama Uzi alitafuta pa kukaa, akakaa sakafuni. Alikuwa amekifumua na kile cha njano siku iliyofuata, alipokiona vizuri mchana. Na juzi alikuwa ameinua kile cha zambarau juu kabisa, mbele ya uso wake.

"Juzi..." alianza.

"Juzi ulikuwa mkali," mama alisema. "Mimi sikuwahi kukutukana. Lakini kweli kilikuwa kibaya."

Alilia pale sakafuni, alilia kwa hasira zaidi ya huzuni: hasira kwa kaka na amri zake, kwa mpira wa mazoezi, kwa wiki tano alizozichezea, na zaidi kwa nafsi yake, mtu anayeweza kutambua tofauti ya rangi mbili za bluu kutoka upande wa pili wa barabara asiweze kuona mkono wa mama yake. Angemwambia kwamba hakujua? Kwamba hakuwa anamfundisha chochote, alikuwa anatupa takataka? Alichukua kitambaa akafuta pua.

"Inuka basi," mama alisema, "au utakaa hapo mpaka uote mizizi? Si uko kazini?"

Kazini hakurudi. Alimpigia mwenzake wa masjala, akamwambia wavunje kufuli. Kisha akampigia mume. "Njoo na mkokoteni," alisema. Mume akauliza kama kuna mtu amekufa.

Walitoa vitu chumbani. Ilimuuma, tusidanganyane, yupo anayeweza kusema kwamba siku hiyo alijua thamani ya vitu na akavitoa kwa moyo mweupe, lakini huyo hakuwepo. Aligombania mfuko mmoja wa sufu ya kijivu mpaka langoni. Mume alivuta huku, yeye akavuta kule. Mwisho mifuko kumi na minane ilikwenda kwa mama mshonaji aliyekuwa anafundisha wasichana nyumbani kwake, na mitatu ikabaki chini ya kitanda. Kitandani wakatandika vipande hamsini na tisa vilivyounganishwa haraka haraka Ijumaa jioni. Vilifika magotini.

Jumamosi kaka alikuja. Alimkuta mama yake chumbani, ameegemea mito, dirisha wazi, kiti chake kando na kikapu kimejaa. Alizunguka chumba, akainama akatazama chini ya kitanda, akaona mifuko, akaguna. Kwa kuwa hakupata kosa kubwa, akachukua dogo.

"Blanketi gani hili linaloishia magotini?"

"Halijaisha," mama alisema.

"Mama, mimi nilikuwa nimejipanga. Gari liko nje. Kule kwangu utapumzika."

"Nimeshakwambia halijaisha." Aliinyanyua sindano kwa ngumi yake. "Nina kazi hapa. Mtu haondoki katikati ya kazi. Nenda kapoze gari lako, urudi unywe chai."

Kaka alimtazama dada yake kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mama jeuri. Alikunywa chai vikombe viwili, akaondoka peke yake jioni, bado anatoa maagizo kupitia dirisha la gari.

Nyumba ilipotulia, Mama Uzi aliingia chumbani, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mama yake, magoti yakigusana. Akachota kikapuni. Kipande cha kwanza kilikuwa cha bluu, kile cha Alhamisi. Alikigeuza. Kona ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu safi, vitanzi vitatu kama vinavyotakiwa. Ya nne vinne.

Alijua mama anamtazama. Aliwaza kukipitisha. Nani angejua? Kingeingia katikati ya wenzake, kingevimba kidogo tu. Baada ya yale yote aliyoyafanya, mwanamke huyu hakustahili hata kona moja? Kidole gumba kilipita juu ya ile kona mara mbili, mara tatu.

Kisha akatafuta ncha ya uzi, akavuta. Vitanzi vikaachia kimoja baada ya kingine, mzunguko mzima, mpaka pale mkono wake ulipoishia na wa mama ulipoanzia. Akaviringisha bonge dogo la bluu, akaliweka kwenye mkono wa kiti.

Mama alishusha pumzi.

"Ungekipitisha," alisema, "ningejua nimekwisha."

Akabana kipande kwa vibanio vyake viwili, akaanza kuhesabu.